Vifuko vya karatasi vya zawadi ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vipimo vyote humu ni vya sentimita. A4 ni karatasi ya kawaida ya kuchapia, 21 kwa 29.7. Ukikuta namba ya swali ndani ya jibu, maelezo kamili yako huko.

## Kabla ya kukata

1. Kifuko cha karatasi kinafaa kwa zawadi gani?

Kwa kitu chepesi kinachoenea kiganjani: pete, herini, kikuku, shanga, kichupa cha marashi, kipande cha sabuni, karafuu, udi, ubani, kashata mbili tatu, mbegu za mti wa kupanda nyumbani. Hivi ndivyo vitu ambavyo wageni hupewa wakiondoka kwenye harusi, kichenipati, akika au maulidi.

Hakifai kwa kitu cha majimaji wala chenye ncha inayotoboa. Zawadi ikizidi robo kilo, acha karatasi ya kawaida. Tengeneza kifuko chenye kitako kwa karatasi nzito (swali la 8) na ukiwekee kamba za kushikia zilizoimarishwa (swali la 16).

2. Nahitaji vifaa gani?

Rula ya chuma, penseli, mkasi, kisu cha kukatia karatasi, kadibodi nene ya kukatia juu yake, gundi, brashi ndogo, kitambaa kikavu na kalamu ya wino iliyokwisha. Kalamu hiyo usiitupe, ndicho kifaa cha kutilia mfuo: unaibana kwenye rula na kuiburuta juu ya mstari wa mkunjo, kiduara cha ncha kinabonyeza karatasi bila kuikata wala kuacha wino. Mgongo wa kijiko hukandamiza mkunjo baada ya kukunja.

Rula isiwe ya plastiki. Kisu huichonga ukingo, na kuanzia hapo kila mstari utakaoukata unabeba kovu hilo.

3. Nitumie karatasi gani?

Karatasi nyeupe ya ofisi, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba (kwenye rimu huandikwa gsm 80), inatosha kwa kifuko bapa cha kitu chepesi. Karatasi ya kaki ya gramu 90 hadi 120 ndiyo tunayoipendekeza kwa kazi nyingi: inakunjika bila kupasuka, inaficha alama za vidole, na rangi yake inakubali karibu pambo lolote. Manila, kuanzia gramu 160 hadi 250, ni ya vijaluba vya mto (swali la 9). Ukiitumia kwa kifuko chenye mikunjo ya ubavuni itakugomea.

Karatasi ya zawadi ya kung'aa inayouzwa kwa shiti ni nyembamba na hukwaruzika kwenye mikunjo mpaka weupe wa ndani ukaonekana. Itumie kama pambo la juu ya kaki, isiwe mwili wa kifuko.

4. Karatasi niliyo nayo haina maandishi ya uzito. Nitajuaje?

A4 kumi na sita hutimiza mita moja ya mraba. Kwa hiyo pima karatasi kumi za A4 kwenye mizani ya jikoni, gawanya kwa kumi, kisha zidisha kwa kumi na sita. Kumi zikiwa na gramu 50, kila moja ina gramu 5, na 5 mara 16 ni 80. Kama ni shiti kubwa, kata vipande kumi vya ukubwa wa A4 kwanza. Usipime karatasi moja pekee, kwa sababu mizani nyingi za jikoni hazisomi sawasawa chini ya gramu chache.

5. Kwa nini mkunjo mmoja unatoka safi na mwingine unapasuka, na karatasi ni ile ile?

Kwa sababu karatasi ina uelekeo wa nyuzi. Kiwandani nyuzi hulala zaidi upande mmoja. Mkunjo unaofuata uelekeo huo hutoka mnyoofu na laini. Unaoukata uelekeo huvunja nyuzi, na kwenye manila nene utaona ukingo wenye manyoya.

Kuujua uelekeo, pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaopindika kwa urahisi ndio ambao mkunjo wake unakwenda na nyuzi. Ukiwa na shaka, lowesha kipande kidogo cha mraba upande mmoja tu: kitajikunja kama bomba, na bomba hilo limelala kufuata nyuzi.

A4 nyingi zina nyuzi zinazokwenda na upande mrefu. Ukiikata katikati kupata vipande viwili vya kifuko bapa (swali la 7), nyuzi husimama wima na mikunjo mirefu ya kifuko inatoka safi. Kifuko chenye kitako kinachotumia A4 nzima kwa ulalo (swali la 8) ni kinyume chake, mikunjo yake ya wima inakata nyuzi. Kwa gramu 80 hutaona tofauti. Kuanzia gramu 120, tia mfuo kila mstari kabla ya kukunja.

6. Gundi ipi ni nzuri?

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo ya kwanza. Ichovye kwa brashi, ipake utando mwembamba, kandamiza nusu dakika, iache ikauke chini ya kitabu. Kosa la karibu kila anayeanza ni kupaka nyingi. Gundi nyingi haishiki zaidi, inalowesha tu karatasi na kuleta mawimbi (swali la 24).

Gundi ya fimbo ni safi na haina maji mengi, ila kwenye joto la pwani hulegea, na kitako kilichogundishwa nayo huachia baada ya siku chache. Itumie kwa mapambo. Seloteipu ya pande mbili inafaa kwa karatasi ya kung'aa na kwa kazi ya haraka. Bunduki ya gundi ya moto huacha uvimbe unaoonekana. Iwekee vifungo na shanga tu. Gundi kali ya kuunganishia viatu na plastiki isikaribie kazi hii, maana inapenya karatasi, inaacha doa gumu lenye weusi, na harufu yake haitoki.

Gundi ya unga hutengenezwa nyumbani: vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano, glasi ya maji (mililita 250). Koroga unga na maji baridi kidogo kwanza mpaka madonge yaishe, mimina kwenye maji yaliyobaki yakiwa jikoni, koroga kwa moto mdogo hadi iwe nzito na kung'aa. Inashika vizuri kwenye kaki. Kasoro zake ni mbili. Haidumu siku nyingi hata kwenye friji, na vifuko vyake vikihifadhiwa muda mrefu huvutia mende na kuota ukungu.

## Aina za vifuko na hatua zake

7. Kifuko bapa kinatengenezwaje?

Hiki ndicho cha kuanzia. A4 moja inatoa viwili, kila kimoja kikiwa mraba wa 10 kwa 10 kikifungwa.

Kata A4 katikati upate vipande viwili vya 14.8 kwa 21. Laza kimoja, upande wa 21 ukiwa chini, sura ya pambo ikitazama meza. Kutoka kushoto weka alama kwenye 5 na 15. Kunja upande wa kushoto kwenye mstari wa 5, na wa kulia kwenye mstari wa 15. Zitapandana sentimita moja katikati. Hapo ndipo panapopakwa gundi. Sasa una bomba bapa la upana wa 10.

Kwa kitako, pima 2 kutoka chini. Kata na uondoe ile sentimita 2 kwenye tabaka lenye maungio tu, acha tabaka zima la upande wa pili libaki kama ulimi. Chonga pembe za ulimi kidogo, upake gundi, uukunje juu ya tabaka ulilolikata. Watu wengi huruka hatua ya kuondoa tabaka moja na kukunja yote mawili kwa pamoja. Kifuko kinashika, lakini kitako kinakuwa na unene wa karatasi sita pale maungio yanapopita na hakilali.

Juu baki na 2.8 za kifuniko. Vivyo hivyo, ondoa tabaka moja, zungusha pembe za linalobaki kwa kutumia sarafu kama kielelezo, tia mfuo, kunja. Usigundishe kifuniko mpaka zawadi iwe ndani.

8. Na kile chenye kitako kinachosimama?

Kinatumia A4 nzima na kinatoka na upana wa 10, ubavu wa 4 na urefu wa 16.

Laza karatasi kwa ulalo, pambo likitazama meza. Kunja juu 2 kwa ndani. Hilo ndilo pindo la mdomo, linazuia kuchanika. Chora mstari wa kitako, 3 kutoka chini. Kisha mistari ya wima kutoka kushoto: 1.7, 11.7, 15.7 na 25.7. Ile 1.7 ya kwanza ni ukingo wa gundi. Ukate chini, ile 3 ya kitako, usije ukaongeza unene. Katikati ya kila ubavu, kwenye 13.7 na 27.7, tia mfuo mwepesi kuanzia mdomoni, lakini uishie 5 kabla ya kufika ukingo wa chini. Huo ndio unaoruhusu mbavu zijikunje kwa ndani unapobana mdomo. Ukiuteremsha mpaka chini, kifuko kitakuwa kinapiga magoti.

Kunja mistari yote, gundisha ukingo, acha ukauke. Kata kwenye pembe nne kutoka chini hadi mstari wa kitako. Ingiza ndani kipande cha mbao au kopo la mstatili lenye upana unaokaribia wa kifuko, usimamishe kifuko kichwa chini, kisha kunja ndimi za mbavu kwanza, halafu wa nyuma, halafu wa mbele. Wa mbele na wa nyuma zinapandana 2 kwenye kitako cha 4, na mpandano huo ndio unaobeba uzito wote. Mwisho tumbukiza kadibodi ya 9.8 kwa 3.8 ndani. Kadibodi hii wengi huiona ya ziada. Bila hiyo kichupa kinazama katikati na kitako kinavimba.

9. Kijaluba cha mto ni kipi?

Ni kifuko cha manila kilichovimba katikati, ncha zake zikifungwa kwa kusukuma ndimi mbili za mviringo ndani. Hakihitaji utepe wala gundi ya kufungia, kwa hiyo mpokeaji hufungua na kufunga bila kukiharibu.

Kata mraba wa 15. Gawa wima: 7, 7 na ukingo wa gundi wa 1. Kwenye kila mwisho wa paneli, pembe ziko 1.5 kutoka ukingo. Tafuta kitu cha duara chenye kipenyo cha karibu 10, mfuniko wa kopo la maziwa unaweza kufaa. Chora tao la nje linalogusa ukingo wa mraba, na tao la ndani linalopita kwenye pembe zile zile na kuingia 1.5. La nje unalikata kwa mkasi, la ndani unalitia mfuo kwa kalamu iliyokwisha ukiizungusha kwenye mfuniko ule ule. Ukingo wa gundi ufupishe 1.5 kila upande.

Tia mfuo mara mbili kwenye tao la ndani. Mfuo hafifu ndio unaofanya ndimi zipinde ovyo badala ya kuingia kwa tao safi. A4 haitoi vijaluba viwili vya kipimo hiki. Inapungua milimita tatu tu. Punguza urefu hadi 14.8 na utapata viwili.

10. Nataka koni tu, kama za bisi.

Chora robo duara yenye nusu kipenyo cha 15 kwenye pembe ya karatasi, kata, viringisha huku kingo zikipandana 2, gundisha. Mdomo utatoka na upana wa karibu 7. Zinafaa kwa maua ya kurushia maharusi na kwa bisi za watoto, hazifai kwa kitu cha kupeleka nyumbani.

11. Zawadi yangu haina vipimo hivyo. Nahesabuje?

Pima zawadi, usikisie. Kwa kifuko bapa: upana wa kifuko ni upana wa zawadi, jumlisha unene wake, jumlisha 1. Upana wa karatasi ni mara mbili ya hapo, jumlisha 1 ya kupandana. Urefu wa karatasi ni urefu wa zawadi, jumlisha unene, jumlisha 2 za kitako, jumlisha 3 za kifuniko.

Chukua sabuni ya 8.5 kwa 5.5, unene 2.5. Upana wa kifuko ni 9, wa karatasi ni 19, urefu wa karatasi ni 16. Hapo A4 moja inatoa kifuko kimoja, na nyingine yote inatupwa. Punguza kifuniko kutoka 3 hadi 1.8, urefu unakuwa 14.8, na A4 ile ile inatoa viwili. Mara nyingi nusu ya gharama inaokolewa hivi, kwa hiyo fanya hesabu hii kabla ya kununua rimu.

Kwa chenye kitako: mbele ni upana wa zawadi jumlisha 1, ubavu ni unene jumlisha nusu sentimita, na mstari wa kitako ni robo tatu ya ubavu.

Tengeneza kimoja cha majaribio kwa karatasi kuukuu, tia zawadi yenyewe, ifunge. Kisha ndipo ukate vilivyobaki.

## Mapambo

12. Vipande vya kitenge au kanga vinashikaje kwenye karatasi?

Kwa gundi nyeupe iliyopakwa kwenye karatasi, si kwenye kitambaa, kwa sababu kitambaa huinywa na doa hujitokeza juu. Piga pasi kitambaa kwanza. Kata ukanda wa 2 hadi 3, uupachike kabla ya kukunja kifuko, usiupitishe juu ya mistari ya mkunjo. Nyuzi zikichomoka ukingoni, pitisha gundi nyembamba kwenye ukingo kabla ya kukata, ikauke, ndipo ukate katikati ya ile gundi.

Kanga yenyewe inafundisha mpangilio mzuri: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Kifuko kilichopangwa hivyo kwa rangi mbili hupendeza kuliko kilichojazwa kila kitu. Jina liwe fupi, maneno matano au sita, herufi kubwa.

13. Mhuri wa kiazi unatoka vipi bila kuchafuka?

Kata kiazi mbatata nusu, chonga umbo lenye kina cha nusu sentimita, kisha kiweke uso chini juu ya kitambaa kikavu dakika kumi ili maji yatoke. Maji ya kiazi ndiyo yanayoyeyusha rangi na kufanya kingo zififie. Paka rangi ya maji nzito kwa sifongo, usichovye. Gonga karatasi ikiwa bapa, kabla ya kukunja. Kiazi kimoja kinafaa kwa siku hiyo tu. Kesho yake kimesinyaa na umbo limebadilika.

14. Naweza kuchapisha majina na tarehe kwa printa?

Ndiyo, ukichapa kabla ya kukata. Printa ya wino wa maji hutoa rangi nzuri, ila wino huchuruzika ukiguswa na mkono wenye jasho au gundi ya majimaji. Ya leza haichuruziki, lakini unga wake hupasuka panapokunjwa. Acha nusu sentimita tupu kila upande wa mstari wa mkunjo. Manila ya gramu 200 na zaidi hukwama kwenye printa nyingi za nyumbani. Ipeleke steshenari wanakochapa kadi, na nenda na kifuko cha mfano kilichokunjwa ili wajue juu ni wapi na chini ni wapi.

15. Vumbi la kumeta?

Halikai. Linadondoka kwenye nguo, kwenye zulia na kwenye chakula. Kama lazima, pakaa juu yake tabaka jembamba la gundi nyeupe, na kamwe lisiwe kwenye kifuko cha kula. Kalamu ya dhahabu hutoa mng'ao unaokaribia bila matatizo hayo, na michoro ya hina inatoka vizuri sana kwayo juu ya kaki.

16. Kamba za kushikia zisichomoke niziwekeje?

Bandika ukanda wa manila wa upana wa 2 ndani ya pindo la mdomo kabla ya kutoboa. Toboa kwa panchi, matundu yawe angalau 1.2 kutoka juu na 3 kutoka pembeni. Kamba ya katani ya urefu wa 25 kila upande, fundo kwa ndani. Katani mpya ina manyoya. Ipitishe juu ya mshumaa haraka haraka yaungue, ukiwa mbali na karatasi.

## Vya kula na vya kunukia

17. Kashata, halua na visheti vinaweza kukaa moja kwa moja kwenye kifuko?

Hapana. Mafuta ya halua na visheti hupenya kaki ndani ya saa chache. Kwanza funga kwa karatasi ya kuokea keki, ile isiyopenya mafuta, ndipo utie kwenye kifuko. Kashata ya nazi au karanga iachwe ipoe kabisa, kwa sababu mvuke wa kashata ya moto hulainisha gundi na sukari hunata kwenye karatasi. Tia siku ile ile ya shughuli au jioni ya kuamkia.

Usifunge chochote cha kula kwa pini za stepla.

18. Ubuyu na karanga?

Karanga kavu zilizokaangwa bila mafuta hazina shida. Ubuyu una rangi na sukari inayovuta unyevu, na utatia doa hata kwenye kaki. Bitana ya karatasi ya kuokea keki inahitajika, na kifuko kiwe chenye kitako ili zisigandamizane.

19. Udi, ubani, karafuu, asmini?

Karafuu ni rahisi kuliko vyote: vijiko viwili vya chakula vinaenea kwenye kifuko bapa, na harufu hupita kwenye karatasi yenyewe bila kutoboa. Ubani vilevile, ila vumbi lake hutoka kwenye kona za kitako. Ziba kona kwa gundi kidogo. Udi uliotengenezwa kwa sukari na mafuta hunata, ufunge kama halua. Usihifadhi vifuko vya udi sanduku moja na vya kashata. Siku ya pili kashata zote zitakuwa na ladha ya udi.

Asmini mbichi huvuta jasho ndani ya karatasi na kubadilika rangi. Kama ni kikuba cha kumpa mgeni, tumia koni iliyo wazi (swali la 10), na ujaze saa ya mwisho.

## Shughuli ya watu wengi

20. Nina wageni 200. Ninunue karatasi ngapi?

Ongeza asilimia kumi kwa zitakazoharibika na wageni wa ghafla, uwe na vifuko 220. Kwa kifuko bapa ni A4 110. Kwa chenye kitako ni 220. Vyote vinaenea kwenye rimu moja ya karatasi 500. Kwa vijaluba vya mto, shiti ya manila ya A1 (59.4 kwa 84.1) hutoa 15, hivyo ununue shiti 15.

Hesabu watu, si kadi. Kadi ya dabo ni watu wawili, na watoto watataka chao.

21. Tugawaneje kazi?

Kila mtu afanye hatua moja, si kifuko kizima. Mmoja akate, mwingine atie mfuo, wawili wakunje, mmoja apake gundi. Anayekata atumie kielelezo cha kadibodi badala ya kupima kila karatasi. Kosa la milimita moja likirudiwa sawa kwa vyote halionekani, la kila karatasi na lake linaonekana. Usikate zaidi ya karatasi tano kwa mpigo kwa kisu cha mkono, kwa sababu za chini husogea.

Kujua muda, tengeneza kumi kwa saa ya ukutani, kisha zidisha.

22. Nianze mapema kiasi gani, na nivihifadhi wapi?

Vifuko vitupu vinaweza kukaa miezi. Vya bapa vipange kwenye boksi vikiwa vimelala, na kitabu juu. Vyenye kitako usivimalize: acha bomba bila kitako, likunje bapa kwenye pembe mbili zilizo mkabala, na gundisha kitako wiki ya shughuli. Boksi lisikae sakafuni wala kwenye ukuta wa nje.

## Vinapogoma

23. Kitako kinafunguka baada ya siku mbili.

Aidha gundi ni ya fimbo (swali la 6), au kifuko kilijazwa kabla gundi haijakauka. Gundi nyeupe huonekana kavu mapema lakini hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 24.

24. Karatasi ina mawimbi pale penye gundi.

Nyuzi zimekunywa maji na kutanuka, kisha zikakauka vibaya. Paka utando mwembamba, na uweke chini ya uzito mara moja. Yaliyokwisha kutokea hupungua ukipiga pasi ya vuguvugu isiyo na mvuke, kitambaa kikiwa kati.

25. Kifuko kinaegemea upande mmoja.

Mistari ya wima haikuwa sambamba. Weka alama mbili kwa kila mstari, juu na chini, kisha unganisha. Alama moja haitoshi.

26. Gundi haikauki kwenye karatasi ya kung'aa.

Utando wake wa plastiki unazuia maji ya gundi yasitoke. Tumia seloteipu ya pande mbili, au kwaruza ukingo wa gundi kwa msasa laini mpaka mng'ao uishe.

27. Msimu wa masika vifuko vinalegea.

Karatasi huvuta unyevu wa hewa, na pwani hiyo ni karibu mwaka mzima. Fanya kazi mchana, madirisha yakiwa wazi kama hakuna mvua. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na mfuko wa kitambaa wenye mchele mkavu ndani. Gundi ya unga iache kabisa msimu huo.

## Hali za pekee

28. Vya mkono wa Idi vina vipimo gani?

Pima noti kubwa unayokusudia kutoa. Ongeza 1 kwenye upana na 1 kwenye urefu, au kunja noti mara moja na upime hapo. Tumia karatasi isiyopitisha mwanga, gramu 100 kwenda juu, mtoto asijue cha mwenzake kabla ya kufungua. Sarafu zifungwe kwanza kwenye kikaratasi, la sivyo zinatoboa kona.

29. Naweza kuweka kidirisha cha nailoni?

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia 28 Agosti 2017, na Tanzania 1 Juni 2019. Watu wengi walihamia vifuko vya karatasi kwa sababu hiyo. Kama unataka zawadi ionekane bila nailoni, kata umbo la nyota au jani na ubandike kwa ndani karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile ya kunakilia michoro. Kidirisha kiwe mbele, angalau 2 kutoka kila mkunjo.

30. Magazeti na kalenda za zamani zinafaa?

Kalenda za ukutani ni hazina: karatasi nene, picha tayari. Nyingi zinang'aa, kwa hiyo soma swali la 26. Gazeti lina wino unaohamia kwenye vidole na vyakula, usilitumie kwa cha kula hata ukitia bitana.

31. Natuma vifuko kwa basi mkoani. Vitafika?

Vitupu na bapa vitafika salama vikifungwa mafungu ya 25 kwa ukanda wa karatasi, si raba, maana raba hukata kingo. Vilivyojazwa vipange wima kwenye boksi, vishikane bila kubanana, na ujaze nafasi kwa karatasi zilizofinyangwa. Andika juu upande wa kukaa. Usitume vya halua. Tuma vifuko bapa na karatasi ya kuokea keki, halua inunuliwe huko huko.

32. Nataka kuviuza. Bei naipangaje?

Jumlisha karatasi, gundi, utepe na zinazoharibika kwa vifuko 100, kisha muda wako kwa bei ya kibarua wa eneo lako. Kinachosahaulika ni muda wa kukata na nauli ya kufuata manila. Mteja akitaka jina lake lichapwe, chukua malipo ya awali kabla ya kuchapa, kwa sababu kifuko chenye jina la maharusi wengine hakiuziki kwa mtu mwingine.